Umri wa Nahodha Wetu

Hotuba kwa wachezaji, makocha na waandishi wa habari za michezo

Ndugu wachezaji wenzangu, makocha, ndugu waandishi wa habari, na nyinyi wazazi mliokuja na vijana wenu, habari za mchana.

Niliombwa nije nizungumzie nidhamu ya mchezaji mkongwe. Nikaandaa karatasi tatu juu ya usingizi, chakula na namna ya kuyatunza magoti. Karatasi hizo ninazo hapa mfukoni, atakayezitaka nitampa. Lakini wiki hii nimeusikia tena, redioni na kwenye simu za watu, ule mjadala unaorudi kila msimu: mchezaji fulani mkongwe, umri wake wa kweli ni upi? Ana miaka 37 ya kwenye makaratasi, au ana 43 ya mtaani? Jina lake sitalitaja, maana kulitaja ni kuongeza kuni. Nataka kuuzungumzia uvumi wenyewe. Moto wa namna hiyo niliwahi kuuwasha mimi, kwa mdomo wangu huu, na aliyeungua alikuwa mtu niliyekuwa namheshimu.

Nilikuwa na miaka 19. Ndiyo kwanza nimepandishwa kutoka timu ya vijana, kiungo mkabaji, na kwenye namba hiyo mbele yangu yuko nahodha. Nahodha wetu alikuwa mtu wa kufika mazoezini kabla geti halijafunguliwa. Ukimkuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo, amekaa pembeni, mguu wa kushoto ameupandisha juu ya goti la kulia, anajifunga bandeji. Anaanzia kwenye unyayo, anazungusha kisigino, anapanda juu ya kifundo, anavuta, anakata kwa meno. Kisha anasimama, anaruka mara mbili pale pale alipo. Asiporidhika anaifungua yote na kuanza upya. Sisi vijana tulikuwa tunapasha misuli dakika 10, tena kwa utani mwingi. Yeye dakika 40, peke yake, kimya.

Alikuwa na upara. Alikuwa na mikunjo hapa pembeni mwa macho, na sauti nzito ya mtu aliyezoea kuamuru. Jukwaani walimwita Babu. Wengine walimwita kwa mapenzi, wengine kwa kebehi, na yeye alikuwa akiinua mkono kuwaitikia wote.

Siku moja baada ya mazoezi mwandishi mmoja akanisogelea, kirafiki tu, hana hata daftari mkononi. Akaniuliza nahodha wenu ana umri gani hasa. Mimi nilikuwa na uchu wa namba. Nikamjibu, "Yule? Yule wa zamani sana, kacheza na kina baba. Hawezi kukosa arobaini." Nikacheka, nikaenda kuoga.

Wiki iliyofuata yakatoka maandishi kwamba nahodha amepita arobaini, na kwamba "mchezaji mwenzake amethibitisha". Mkataba wa nahodha ulikuwa unamalizika mwisho wa msimu ule. Alikuwa ameahidiwa miaka 2 zaidi. Akapewa miezi 6, kwa pesa pungufu. Alipouliza sababu akaambiwa, "Watu wanasema." Hakuna aliyemwomba cheti wala aliyempeleka kupimwa. Watu wanasema. Na hao watu, ndugu zangu, nilikuwa mimi.

Tuna msemo wetu ambao wavumishaji wameufanya ngao: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Ukimuuliza mtu amejuaje kwamba mchezaji fulani amepunguza umri, atakupa msemo huo na kuona amemaliza. Mimi nadhani wahenga walikuwa wanaonya juu ya kupuuza habari. Hawakutupa ruhusa ya kumhukumu mtu bila ushahidi.

Tazameni kisa cha Joseph Minala. Mwaka 2014 alikuwa kijana wa Kameruni katika timu ya vijana ya Lazio, nchini Italia, ameandikishwa kuwa na miaka 17. Picha yake ikasambaa, sura nzito, macho ya uchovu. Kukatokea habari kwamba amekiri mwenyewe kuwa ana zaidi ya miaka 40. Dunia nzima ikacheka. Yeye akakana kabisa kusema maneno hayo, klabu ikamtetea, shirikisho la soka la Italia likachunguza, na mwezi Mei mwaka huohuo likamaliza bila kumkuta na kosa. Sasa niambieni: ni wangapi kati yetu waliiona ile picha, na ni wangapi waliwahi kusikia matokeo ya uchunguzi? Picha ilifika kila mahali kwa siku moja. Majibu hayakufika. Kijana yule ameishi maisha yake yote ya soka akiwa ni ile picha.

Sisemi kwamba kughushi umri hakupo. Kupo, na kumeharibu mengi. Mwaka 1988 Mexico ilifungiwa miaka 2 kwa kuchezesha vijana waliopita umri katika kufuzu mashindano ya vijana, na adhabu hiyo ikaikosesha timu ya wakubwa Kombe la Dunia la 1990. Mwaka 1989 Nigeria nayo ikafungiwa, baada ya tarehe za kuzaliwa za wachezaji kutofautiana kati ya mashindano na mashindano. Nyote mnawajua vijeba. Mtoto wa miaka 15 akipangwa kumkaba kijeba wa miaka 20 ameonewa mara mbili: leo anaumizwa, na kesho mtafuta vipaji anaondoka na jina la kijeba.

Na wapo wanaoongeza badala ya kupunguza. Kwenye jimnastiki ya wanawake, msichana hana ruhusa kushindana Olimpiki kabla ya mwaka anaotimiza miaka 16. Sheria hiyo ipo kuilinda mifupa ya watoto. Dong Fangxiao wa China alishindana Sydney mwaka 2000 kwa tarehe iliyoonyesha amezaliwa 1983. Mwaka 2008 alipofanya kazi kama ofisa wa michezo ya Beijing, karatasi zake zikaonyesha 1986. Kwa hiyo Sydney alikuwa na miaka 14. Mwaka 2010 timu ya China ikanyang'anywa medali yake ya shaba. Mtoto wa miaka 14 hakuamka asubuhi akaamua kwenda kujiongezea miaka 3 kwenye pasipoti. Kuna watu wazima walioketi mezani wakaandika.

Hapo nawaomba tukae kidogo, maana ndipo penye uzito. Karibu kila kisa cha kweli cha umri wa uongo ukikifuatilia hadi mwanzo, unamkuta mtoto au kijana maskini, na pembeni yake mtu mzima mwenye kalamu. Danny Almonte, yule mrushaji wa besiboli aliyeishangaza Marekani mwaka 2001 kwenye mashindano ya watoto wasiozidi miaka 12, alibainika kuwa na 14. Karatasi zake zilighushiwa na wakubwa, lakini jina lililobaki midomoni mwa watu ni la mtoto.

Silas Wamangituka, mshambuliaji kutoka Kongo aliyekuwa akichezea Stuttgart ya Ujerumani, mwaka 2021 alijitokeza mwenyewe na klabu yake wakatangaza kwamba jina lake la kweli ni Silas Katompa Mvumpa, na kwamba amezaliwa 1998 wala si 1999. Mwaka mmoja tu! Wakala aliyempokea Ulaya akiwa kijana ndiye aliyebadilisha jina na tarehe, kisha akamshika kwa siri hiyo. Silas alifungiwa miezi 3 na kutozwa faini ya yuro 30,000. Alieleza kwamba aliishi kwa hofu. Fikirieni unafunga bao, uwanja mzima unaimba jina, na jina wanaloimba si lako.

Kwenye besiboli mambo hayo yalikuwa na hesabu yake wazi. Kijana wa Jamhuri ya Dominika anaruhusiwa kusaini na klabu za Marekani akifika miaka 16. Wa 16 mwenye mkono mzuri anaitwa hazina. Wa 19 mwenye mkono uleule anaitwa amechelewa. Kipaji ni kilekile, pesa ni nyingine kabisa. Ukiweka sokoni mtoto mwenye njaa na tofauti kubwa namna hiyo ya bei, mtu wa kumkatia miaka hatakosekana. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 Marekani ilipoanza kukagua viza kwa makini zaidi, wachezaji wengi walikutwa na umri tofauti na ulioandikwa. Bartolo Colón alikuwa mmojawao. Mwaka 2002 ilijulikana kwamba amezaliwa 1973, miaka 2 kabla ya ile iliyokuwa inafahamika.

Na si kila tarehe yenye kasoro ni ya uongo. UNICEF ilisema mwaka 2024 kwamba watoto wapatao milioni 150 walio chini ya miaka 5 duniani hawajasajiliwa kuzaliwa kwao. Watoto hao wakikua, siku ya kuandikwa shule mwalimu anakadiria kwa urefu. Siku ya kutafuta pasipoti mjomba anakumbuka kwamba ulizaliwa mwaka wa mvua kubwa, na ofisa anaandika tarehe 1 Januari ili foleni isonge. Makadirio hayo yakishagongwa muhuri yanakuwa ndiyo umri wako. Shahid Afridi, mchezaji wa kriketi wa Pakistan, alipiga mikimbio 100 kwa mipira 37 pale Nairobi, Oktoba 1996, na vitabu vya kriketi vikamwandika kijana wa miaka 16. Mwaka 2019 aliandika mwenyewe kwamba amezaliwa 1975, siyo 1980, na kwamba wakubwa ndio walioandika vibaya. Kwa zaidi ya miaka 20 dunia ilikuwa inakariri tarehe ambayo mwenyewe anasema si yake.

Sasa niwapeleke kwenye kipimo, kwa sababu nimesikia mashabiki wanapiga kelele, "Apimwe! Apimwe!" Apimwe nini?

Kipimo kinachotumika kwenye soka la vijana ni picha ya MRI ya kifundo cha mkono. Karibu na ncha ya mfupa wa mkono wa mtoto kuna tabaka la gegedu, yaani mfupa laini, na hapo ndipo mfupa unaporefukia. Anapokua, tabaka hilo linajifunga polepole mpaka linakuwa mfupa mtupu. Madaktari walipiga picha mikono ya vijana 496 wa Uswisi, Malaysia, Algeria na Argentina, wenye miaka 14 hadi 19, wakapanga kujifunga kwake katika hatua 6. Wakakuta kwamba mvulana wa miaka 16 aliyefika hatua ya 6, yaani mfupa umejifunga kabisa, ni nadra, hafiki hata 1 kwa 100. Ndiyo maana FIFA ilianza kukitumia kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2009. Ni kipimo kizuri kwa kazi hiyo, na hakina mionzi kama ile ya X-ray.

Lakini angalieni kinajibu swali gani. Kinauliza: mfupa umejifunga au haujajifunga? Ukishajifunga, umejifunga. Mkono wa mtu wa miaka 22, wa 35 na wa 50, kwenye picha hiyo yote inasema neno moja tu: mtu mzima. Ukisogea kwenye mtulinga, mfupa ule wa juu ya kifua unaokwenda begani, ncha yake ya karibu na kifua inachelewa zaidi kujifunga, inaweza kufika miaka ya ishirini na kitu. Magego ya mwisho nayo yana habari yake. Baada ya hapo mwili unafunga daftari la tarehe. Hakuna mashine itakayomtazama mwanamume wa miaka 37 na kukuambia hapana, huyu ana 41. Wapo wanaokadiria kwa kupima ndani ya jino, na makadirio hayo yanapishana kwa miaka kadhaa, yaani tofauti ileile tunayoigombania.

Kwa hiyo mtu anayepiga kelele "apimwe" kwa mchezaji mkongwe anadai jibu ambalo sayansi haina. Na mchezaji hana namna ya kujitetea. Akinyamaza, anaficha. Akitoa cheti, kimeghushiwa. Akitoa pasipoti, na yenyewe ilitokana na cheti. Tumemjengea mtu kesi ambayo haina mlango wa kutokea.

Kinachobaki ni sura, na sura ni shahidi mbaya. Nywele zinaondoka kwa urithi. Arjen Robben, yule winga wa Uholanzi, alikuwa amebaki na upara akiwa bado anawakimbiza mabeki kama swala. Jua linakunja ngozi, kazi ngumu ya utotoni inapanua mikono, dhiki inazeesha macho. Kijana aliyebeba mizigo tangu ana miaka 10 hatafanana na aliyelelewa kivulini, hata kama wamezaliwa siku moja, wodi moja.

Nalisema na hili, ingawa najua halitapendeza kila mtu. Uvumi huu unachagua nyuso. Tom Brady wa Marekani alishinda Super Bowl, fainali ya futiboli ya Kimarekani, akiwa na miaka 43 na akastaafu akiwa na 45. Gianluigi Buffon, golikipa wa Italia, alidaka mpaka akiwa na 45. Kelly Slater wa Marekani alishinda mashindano makubwa ya kuteleza juu ya mawimbi kule Pipeline, Hawaii, siku chache kabla ya kutimiza 50. Watu walisema: nidhamu, chakula, sayansi. Eliud Kipchoge wa Kenya akakimbia marathoni ya Berlin mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9, rekodi ya dunia wakati ule, akiwa na miaka 37, na wapo walioanza kuhesabu nyuma mpaka ubingwa wake wa dunia wa mita 5,000 wa mwaka 2003, wakanong'ona kwamba hesabu haikai sawa. Dikembe Mutombo wa Kongo alicheza NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, tangu 1991 hadi 2009, akamaliza akiwa na miaka 42, na karibu safari yote hiyo alisindikizwa na minong'ono juu ya mwaka wake wa kuzaliwa. Mmoja anasifiwa kwa kujitunza, mwingine anatakiwa kuleta shahidi wa kuzaliwa kwake. Wanachotofautiana ni mahali walikotoka.

Mtu atasema, lakini ni haki yetu kujua. Haki ya nani, na kwa jambo gani? Kwenye soka la watoto, umri ndiyo mipaka ya uwanja, na aliyeuvuka ameiba. Kwenye ligi ya wakubwa hakuna mpaka. Mtu wa miaka 41 anaruhusiwa kucheza, na wa 17 anaruhusiwa kucheza. Akiwa kweli ni mzee kuliko alivyoandikwa, amemwonea nani? Uwezo wa mwili kutumia oksijeni kwa mtu wa kawaida hushuka takriban asilimia 10 kila miaka 10 baada ya kufika 30, na hushuka polepole zaidi kwa anayeendelea kujifua. Kila mwaka wa ziada ni mzigo ameubeba yeye. Klabu inayotaka kumpa mkataba mrefu ina sababu ya kuuliza, sikatai, na iulize mezani, kwa karatasi, yeye akiwepo. Sisi wengine tulioko jukwaani tunatafuta nini?

Na hili ndilo huwa linanishangaza kuliko yote. Wavumishaji wanadhani kwamba wakithibitisha mtu ana 43 badala ya 37 watakuwa wamempunguzia sifa. Ndugu zangu, wamemzidishia! Roger Milla aliifungia Kameruni bao dhidi ya Urusi kwenye Kombe la Dunia la 1994 akiwa na miaka 42. Wapo waliodai kwamba alikuwa mkubwa zaidi ya hapo. Wangekuwa na haki, ingebidi wasimame wapige makofi mara ya pili. Bartolo Colón yule aliyeongezewa miaka 2 hakufa kimichezo. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora wa ligi yake, akapiga houmu rani yake ya kwanza, yaani kuupiga mpira mpaka nje ya uwanja, Mei 2016 akibakiza wiki mbili na kitu kufika miaka 43, akaendelea kurusha ligi kuu hadi 2018. Ng'ombe hazeeki maini.

Namkumbuka pia Satchel Paige. Huyu alikuwa mrushaji wa besiboli, mtu mweusi, mzaliwa wa Mobile, Alabama, na umri wake ulikuwa fumbo la taifa zima. Alipoingia ligi kuu mwaka 1948, akiwa na Cleveland, kila mtu aliuliza ana miaka mingapi. Cheti kilionyesha 7 Julai 1906, kwa hiyo alikuwa na miaka 42, mgeni kwenye ligi kwa umri huo. Mwaka 1965 akarudi kwa siku moja akiwa na 59, akarusha vipindi 3, wapinzani wasipate hata pointi moja. Watu waliuliza sana amezaliwa lini. Swali lililostahili sauti kubwa zaidi lilikuwa hili: kwa nini mtu mwenye kipaji kile aanze ligi kuu akiwa na miaka 42? Jibu lilijulikana. Ligi ilikuwa imewafungia watu weusi milango hadi 1947. Alikuwa amenyang'anywa miaka 20 ya ubora wake, nasi tukabaki kumhesabia siku za kuzaliwa.

Waandishi wa habari, nyinyi ni wenzangu, nasema nanyi bila kuzunguka. Neno "inasemekana" si chanzo. Kama una vyeti viwili vinavyopingana, andika, taja vimetoka wapi, mpe mtu nafasi ya kujibu, na majibu yake uyaweke palepale juu, yasizikwe mwisho wa ukurasa. Kama ulichonacho ni sura ya mtu na maneno ya kijana wa miaka 19 mwenye uchu wa namba, huna habari. Na kama mnataka kweli kuupiga vita umri wa uongo, twendeni pamoja kule unakozaliwa, kwenye vituo vya vijana, kwa mawakala wanaoshika pasipoti za watoto, kwa makocha wanaoambiwa "leta kombe" kwenye mashindano ya watoto. Huko kuna ushahidi, na kuna watu wa kuokoa.

Vijana, nanyi. Mtu akikuambia upunguze miaka 2 ili usajiliwe, jua anachonunua. Anachukua siri yako, na siku yoyote atakayotaka kukukamua ataitoa. Waombeni wazazi vyeti vyenu mapema. Kama tarehe ina kasoro, isahihisheni sasa, mkiwa hamjulikani.

Nimalizie kwa nahodha, maana najua mnangoja.

Ile miezi 6 aliicheza yote. Hakuniuliza kitu, ingawa naamini alijua. Aliendelea kunifundisha jinsi ya kusimama, mguu upi utangulie mpinzani anapogeuka. Msimu ulipokwisha akatundika daluga, na namba ikawa yangu. Niliicheza miaka 15. Nilipofika 34 nywele zangu zikaanza kurudi nyuma, na jioni moja, tukiwa nyuma kwa bao moja, nikalisikia jukwaani lile jina. Babu. Nilikuwa natembea kwenda kurusha mpira, na miguu ikawa mizito ghafla.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kumtafuta nyumbani kwake. Nilikuta wajukuu sebuleni, na mkewe akanikaribisha kama mtoto wa nyumba. Nikamweleza yote, mwandishi, maneno yangu, kile kicheko. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akaingia chumbani, akarudi na bahasha, na ndani yake mlikuwa na kadi ya kliniki, ile ambayo mama anakwenda nayo kumpima mtoto uzito. Ilikuwa imekunjwa mara nne, mikunjo imekuwa myeupe. Kuna safu ya miezi na safu ya kilo, na nukta za wino zinapanda moja baada ya nyingine kwa mwandiko wa wauguzi tofauti. Mwezi wa 7 nukta imeshuka. Akaniambia, "Hapo niliharisha, mama hakuwahi kusahau." Mwezi wa 9, chanjo ya surua na saini. Juu kabisa, tarehe ya kuzaliwa.

Nikahesabu kimoyomoyo. Siku ile niliposema hawezi kukosa arobaini, alikuwa na miaka 33.

Nikamuuliza kwa nini hakuipeleka kwa viongozi. Akasema mama yake alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, na kadi ile ndiyo kitu pekee chenye alama ya mkono wake, maana kwenye kona alikuwa ameandika jina la mwanawe kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Hakutaka waishike huku wanacheka.

Nikamwomba radhi. Akaikunja ile kadi kwa kufuata mikunjo yake, akairudisha kwenye bahasha. Kisha akaniambia ninyooshe mguu, akalibonyeza goti langu la kulia kwa kidole gumba, pale chini ya kikombe, akauliza linauma nikipanda ngazi au nikishuka.